Mgeni Alichekea Viatu

Admin, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje. Nina miaka sabini na mitano, mke wangu ametangulia mbele za haki, naishi peke yangu kwenye kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, huku mlimani juu ya Moshi. Najua wengi wenu humu ni wajukuu zangu kwa umri. Nitukaneni mkipenda, ila someni kwanza hadi mwisho.

Miaka ya sabini nilikuwa karani kwenye shamba kubwa la kahawa, njia ya kwenda Sanya Juu. Lilikuwa la mlowezi, serikali ikalitaifisha, tukaambiwa sasa ni letu. Mimi nilikuwa kijana niliyesoma kwa mapadri, najua Kiingereza, na nilikuwa naringa nacho kweli kweli. Hata vibarua nilikuwa nawachomekea maneno mawili matatu ili wajue wanaongea na nani.

Kulikuwa na dada mmoja, nimwite Manka. Kazi yake ilikuwa kukoroga dawa ya mibuni kwenye pipa kabla wanaume hawajaibeba kwenye mabomba kwenda kunyunyizia. Alikoroga peku, mikono mitupu, kanga ameifunga puani. Ngozi ya mikono ilikuwa inambambuka. Sote tuliona, tukazoea.

Siku moja tukaambiwa wanunuzi wa kahawa kutoka Ulaya wanakuja kuona shamba. Asubuhi ile nikatumwa stoo, nikagawa viatu vya mpira na glavu mpya kwa vibarua wote. Manka alivivaa akacheka, akasema, "Ndugu karani, leo tumekuwa mabwana shamba!"

Wageni walikuwa watatu, mmoja mama wa makamo. Yule mama akasimama penye pipa, akaniambia nimuulize Manka kama kazi anaipenda na kama dawa haimsumbui. Nikauliza. Manka akaniangalia, akamwangalia yule mama, kisha akasema taratibu, "Mwambie viatu hivi tumepewa leo, wakiondoka tutavivua. Dawa inanichoma macho. Na mwambie nimeharibu mimba mbili tangu nianze kazi hii."

Meneja alikuwa nyuma yangu. Alikohoa tu. Mara nyingi nimejaribu kujitetea kwamba nililazimishwa, lakini ukweli ni kwamba mtu alikohoa, basi. Nikageuka nikamwambia yule mama kwa Kiingereza changu cha mapadri kwamba huyu dada anashukuru, mvua mwaka huu ni nzuri, na anavipenda sana viatu vyake, vinampendeza.

Yule mama akacheka. Akamshika Manka begani, akavitazama vile viatu, akacheka tena, wakaenda zao. Manka alibaki ameshika mti wa kukorogea. Sura yake siku ile sijaisahau.

Jioni nilipita kukusanya viatu. Vyake alikuwa amevisuuza.

Meneja alikuwa amesikia kila neno la Manka, kwa hiyo juma lile lile Manka akafukuzwa kazi. Sasa sikilizeni jambo linaloninyima raha mpaka leo. Jumapili baada ya misa alikuja nyumbani kwetu na shangazi yake, ameshika isale. Kwa msiokuwa wa huku, isale ni jani tunalopeleka kuomba msamaha, na ukishaletewa hukatai, hata kama umeuliwa ndugu. Akasema, "Nisamehe, Ndugu karani. Nimekuaibisha mbele za wageni kwa kusema mambo ya kike. Niombee kwa meneja." Nikalipokea. Mimi! Nikamwambia yameisha, mama yangu akawamiminia mbege, pombe yetu ya ndizi, wakanywa wakaenda. Kwa meneja sikwenda.

Mungu alimjalia mtoto mmoja baada ya kuacha kazi ile. Macho yake leo yanaona ukungu tu. Kama ni ile dawa sijui, mimi si daktari. Tunasali kanisa moja. Akisikia sauti yangu huuliza hali, nami humjibu mbio mbio kama mtu anayewahi mahali.

Majuzi mjukuu wake alikuja kwangu. Ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaouza kahawa. Akaniamkia, "Shikamoo, meku," yaani mzee, akanieleza kuwa Jumamosi hii kuna wanunuzi wanakuja, na hawa wanataka kusikia kwa wazee jinsi watu walivyofanya kazi zamani, wasije wakanunua kahawa iliyoumiza watu. Bibi amekataa kabisa kuongea. "Anasema wazungu aliwaambia mara moja, akawaambia hadi habari za watoto wake waliopotea, na mzungu akacheka. Meku, wewe ulikuwepo. Njoo umbembeleze, wewe anakuheshimu."

Anakuheshimu. Nilijisikia vibaya hata nikashindwa kumkaribisha mtoto wa watu chai.

Kumbe miaka yote hii Manka anaamini aliufungua moyo wake na mwanamke mwenzake akamcheka usoni. Na mimi nimekaa naye kanisa moja, napokea komunyo, nanyamaza.

Jana nilichuma isale pale mpakani mwa kihamba nikalifunga fundo. Lipo mezani, linaanza kusinyaa. Naogopa kulipeleka, kwa sababu najua hatakataa, mila haimruhusu, na nitakuwa nimemfunga mdomo mara ya pili. Nikienda mikono mitupu anaweza kunifukuza, na ana haki. Nisipokwenda, atakufa akiwa na uchungu usio wake.

Ndugu zangu, shauri lenu nalihitaji kabla ya Jumamosi. Niende na jani au bila jani? Na nikishakaa mbele yake, nianzeje kumwambia kwamba yule mama alikuwa anachekea viatu?