Tabea na Chewa wa Hotelini

Huku kwetu mlimani Meru ng'ombe hawachungwi. Wanakaa bandani na kuletewa majani na migomba. Ng'ombe wako akilia njaa majirani wanasikia, na Jumapili utaona haya kusimama nao nje ya kanisa. Tabea alilelewa hivyo, na sijaona mtu mwenye roho ya kulisha kama yeye. Ukienda kwake ukasema umeshiba, umemtukana.

Ndiyo maana Mzee Ebenezer, mwenye hoteli pale Themi mjini alikoajiriwa Tabea, alimkabidhi samaki wake. Alikuwa chewa wa vilindini, aina ambayo hata wavuvi wa Tanga huiona kwa nadra. Mzee alimwagiza kwa mbwembwe, akamjengea tangi la kioo mapokezini na kumwekea mashine ya kupoza maji, maana huko alikotoka ni baridi na giza. Fundi Peter, aliyemleta, alisisitiza alishwe kidogo, tena mara chache.

Tabea aliitikia, ila moyoni alimwona fundi bahili. Chewa alisogea kwenye kioo akaachama, naye akampa dagaa. Akaachama tena, akapewa tena.

"Kula, baba," alimwambia. "Kwangu hulali njaa."

Wageni walicheka na kupiga picha, na Tabea alijisikia raha kupendwa na mnyama wa ajabu namna ile. Maji yalipoanza kuwa na ukungu, alifuta kioo kwa nje. Samaki aliponyong'onyea, alimwongezea minofu.

Peter alikuja kukagua mashine, akasimama mbele ya tangi bila hata salamu.

"Dada, nani anamlisha hivi?"

"Mimi. Kutwa anaomba, kaka. Mwangalie mdomo."

"Haombi chakula, anatafuta hewa. Makombo yameoza humo, yamemaliza hewa yote. Kila ukimwongezea unamkaba."

Walihangaika kubadilisha maji mchana kutwa. Kesho yake chewa alikutwa amegeuka tumbo juu.

Tabea hakuweza kumeza hata uji. Yule kiumbe alikuwa akimjia yeye, si mtu mwingine, kuomba msaada, na yeye alikuwa akijibu kwa kumnyonga huku anatabasamu. Aliona aibu hata kuitazama mikono yake.

Peter, kwa huruma, alimwambia mzee kwamba mashine ndiyo iliyosumbua. Basi Mzee Ebenezer alipomkuta Tabea anasugua tangi tupu, alimshika bega.

"Usilie, mwanangu. Nitaagiza mwingine. Nani hapa anajua kulisha kama wewe?"

Angeweza kunyamaza. Kazi ilikuwa yake bado, na sifa zilikuwa zake. Tabea aliweka brashi chini.

"Usimlete, baba. Mashine haikuwa na kosa. Aliniomba hewa, nikamjaza dagaa."