Kaseti Kwenye Kaburi la Baba

Ndani ya kaburi la baba yangu hakuna mtu. Kuna shati moja la drafti la mikono mirefu, na kaseti moja ya redio iliyofungwa kwenye kitambaa cheupe. Kaburi lipo kijijini Mbingu, nyuma ya nyumba iliyokuwa yetu, na msalaba wake umeandikwa jina na mwaka kama misalaba mingine. Mwaka ule alikadiria baba mdogo.

Ili mtu aelewe tulifikaje hapo, lazima nianze na betri. Wa rika langu watanielewa upesi kuliko watoto wetu.

Enzi zetu redio ilikuwa ya mwenye nyumba, lakini betri zilikuwa mzigo wa familia nzima. Zikianza kuchoka hazikutupwa. Zilianikwa juani kwenye ungo, jirani na mpunga, na mtoto mmoja aliachwa hapo afukuze kuku. Zikigoma tena tuliziuma kidogo kwa meno, mmoja baada ya mwingine, na kila nyumba ilikuwa na bingwa wake wa kuuma betri. Tulijua ugonjwa wake kwa kusikia tu. Ukiweka kaseti na betri zimechoka, mwimbaji anaanza kuvuta maneno, gitaa linakuwa zito kama limeloa, mwanamke anaimba kwa sauti ya mwanaume, na mwanaume anatoa sauti ya mtu aliyetumbukia kisimani. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Leo mwanangu simu ikibaki na chaji kidogo anahangaika kama anatafutiwa damu hospitalini, na wala hajui kwamba kifaa kinaweza kufa taratibu huku kinachekesha.

Wazee wetu hawakuwasha redio kujifurahisha. Iliwashwa kwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Wakati wa vifo hata anayetwanga alisimamisha mchi, maana jina la ukoo linaweza kusomwa wakati wowote. Na ikitokea redio imepiga muziki wa taratibu mfululizo, hakuna salamu za wasikilizaji, hakuna tangazo la sabuni, watu wazima walianza kutazamana. Walijua kuna mkubwa amefariki na bado hawajaambiwa. Ndivyo masikio yetu yalivyofundishwa. Muziki wa taratibu ulikuwa habari ya msiba inayotafuta jina.

Shamba letu lilikuwa bondeni. Mpunga ukianza kubeba, sisi watoto tulihamia huko na mama kuamia ndege. Tulikaa kwenye kichanja tangu alfajiri, mikono imejaa tope la kurusha kwa fimbo, koo zimekauka kwa kupiga kelele. Mchana mama alitupikia wali wa mpunga wa mwaka jana na kambare wa kukaushwa, na moshi wa yule samaki uliingia mpaka kwenye nguo za shule. Mwalimu alitujua kwa harufu. Alituita "watu wa kambare", nasi tuliona ni sifa.

Baba aliondoka baada ya mavuno, katikati ya miaka ya tisini, wakati kila kijana wa bonde alikuwa akizungumzia mawe ya thamani ya Tunduru. Alipanda treni mpaka Makambako, kutoka hapo angepata gari la Songea, kisha Tunduru. Alisema atarudi ndege watakapoanza kushuka kwenye mpunga. Ndege walishuka, tukawafukuza, tukavuna. Baba hakurudi.

Badala yake ilikuja kaseti. Ililetwa na mfanyabiashara wa mitumba aliyeshuka stesheni na mabelo yake. Alikuwa amepewa Songea na mtu, ambaye naye alipewa na mtu. Yeye baba hakumwona. Alichoambiwa ni kwamba ifike Mbingu, kwa Mama Vero. Vero ni mimi.

Kaseti za salamu hazikuwa jambo geni. Anayeona uvivu kuandika aliongea kwenye redio ya rafiki, akaituma kaseti, na majirani walialikwa kusikiliza kama wanavyoalikwa kwenye chai. Hii haikuwa na maandishi, karatasi yake ilikwanguliwa. Tundu la juu lilizibwa kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa, kama tulivyofanya wote tulipotaka kurekodi juu ya kaseti ya dukani.

Mara ya kwanza betri zilikuwa zimechoka. Baba alitoka redioni akiwa mzito kama amelewa pombe, na hata bibi, mama yake baba, alicheka hadi machozi yakamtoka. Lakini maneno yalisikika. Alisema yeye ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwetu tulio mbali na upeo wa macho yake, kama vile anaandika barua.

"Mama, shikamoo," alisema, akanyamaza.

"Marahaba, mwanangu," bibi aliijibu redio.

"Haya, nimeitikiwa," alisema baba, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Akataja majirani. Akaniambia ndege wakimaliza mpunga atajua nilikuwa nacheza rede. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Mama Vero, sasa nakuja kwenye lile shamba la bondeni. Sikiliza vizuri, na mdogo wangu kama yupo hapo asikilize pia. Nataka..."

Kitufe kikagonga. Kikafuata kitu kingine.

Kwanza kilikuwa kinanda, kama kile cha kanisa kubwa la Ifakara, ila kinashuka tu, hakipandi. Halafu ngoma moja, nzito. Kimya. Ukadhani imeisha, na ungeweza kuchota maji mtungini ukanywa na kurudisha kata mahali pake, ndipo pigo la pili likaja. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo kama wa msumeno uliokwama kwenye gogo bichi. Na chini ya vyote hivyo palikuwa na mwanaume. Hakuwa anaimba, wala hakuwa analia. Alikuwa anatoa maneno kifuani kwa shida, katika lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, kama mtu anayeongea huku amelaliwa na udongo.

Kicheko kilikatika. Mama akainuka akazima.

"Ni betri," alisema.

Kuanzia siku ile mama alianika betri kila asubuhi, kabla hajafagia. Alizigeuza mchana kama anavyogeuza samaki. Jioni alijaribu, na kila jioni bibi aliitikia shikamoo, baba akashukuru, kitufe kikagonga, na kile kitu kikarudi. Mtaani walishaanza kukiita "sauti ya Mbingu". Watoto tuliigiza kwenye kombolela: anayetafuta alitembea kwa mwendo wa ile ngoma, akinguruma, na waliojificha walikimbia wakilia kwelikweli. Mimi niliacha kucheza.

Mwishowe baba mdogo alisema jambo hili liishe. Baba mdogo ni mdogo wake baba, wamefuatana ziwa. Alimwita katekista na wazee wawili watatu wa ukoo, na mama akabadilisha kuku dukani akapata betri mpya. Alikuwa na uhakika kwamba ni betri. Nakumbuka alivaa kitenge chake cha kanisani.

Betri mpya zikaingia. Baba akatoka safi, mwepesi, sauti yake yenyewe, na mama akatutazama wote kama mtu aliyeshinda kesi. Bibi akaitikia. Baba akafika kwenye shamba. Kitufe kikagonga.

Ngoma ilikuwa vilevile. Haikuongeza mwendo hata kidogo.

Hapo ndipo mama alipoumizwa, na betri zake mwenyewe. Kama betri ni nzima na baba anaongea sawasawa, basi kile kinachofuata nacho kinasema kweli. Katekista alisikiliza ameinamisha kichwa, akasema kinanda kile ni cha misa ya wafu, haoni kingine kinachoweza kuwa. Baba mdogo akamalizia. Wenzake wa machimboni wamemzika, alisema, na kwa kuwa hawakuwa na namna ya kupiga simu ya upepo wala kutuma mtu, wametuwekea mazishi yake palepale sauti yake ilipoishia, ili tujue.

Mama hakulia. Alionyesha kile kipande cha karatasi. "Amerekodi juu ya kitu," alisema. "Huu ni wimbo wa watu uliokuwamo."

Kila mtu pale alijua hilo linawezekana. Nani hakuwahi kurekodi juu ya nyimbo, akaacha katikati, na wimbo wa zamani ukarudi? Lakini baba mdogo alimgeukia bila hasira.

"Kama ni wimbo, shemeji, hebu uimbe."

Hakuna mtu duniani ambaye angeweza kuuimba. Mama akasema basi igeuzwe, tusikie upande wa pili. Baba mdogo akasema, "Unataka tusikie nini zaidi?" Akaitoa kaseti, akaitia kwenye mfuko wa shati. Redio nayo aliibeba, akisema nyumba ya msiba haina redio.

Tulikaa msibani. Wanawake walilala chini sebuleni, ukoo ukaja kutoka Ifakara na Mlimba, bibi akanyolewa. Kwa kuwa mwili haukuwapo, wazee waliamua lizikwe shati lake pamoja na sauti yake. Baba mdogo ndiye aliyeleta kaseti siku ya kuzika, imeshafungwa kwenye kitambaa. Kabla ya udongo kumwagwa, katekista alimwambia bibi amuage mwanawe. Bibi akasema neno alilozoea kusema: "Marahaba."

Baada ya matanga shamba la bondeni lilirudi kwenye ukoo. Ndivyo ilivyosemwa, lilirudi. Mama alihamia Ifakara kwa kaka yake, akauza vitumbua karibu na soko, akatusomesha mpaka aliposhindwa. Hatukuwa na redio, lakini aliokota betri za watu na kuzianika dirishani. Shangazi alimkataza, akamwambia watu wanasema amerukwa na akili. Mama alimjibu kwamba jua halilipiwi. Alifariki akiwa na betri dirishani.

Sasa mwanangu. Ni kijana mzuri, ila kama wenzake wote ana masikio yaliyozibwa, unamtuma chumvi mara tatu. Siku moja anaosha vyombo uani Ifakara, waya wa masikioni ukachomoka kwenye simu, na simu ikaanza kulia kwa sauti. Ilikuwa ngoma moja. Kimya. Nilikuwa nachambua mchele. Kabla ya pigo la pili nilikuwa nimesimama na ungo umemwagika.

"Ni muziki tu, mama," alisema, ameshtuka kuliko mimi. "Ni metali, ya magitaa mazito ya Wazungu. Hii wanaiita funeral doom, yaani ya mazishi. Wanapiga taratibu makusudi."

Nilimwambia arudie neno la mwisho. Akasema, "Makusudi."

Ule haukuwa wenyewe. Lakini nilimwambia atafute wa miaka ile, wa tisini, na kwa kuwa waliokuwa wakipiga hivyo enzi hizo walikuwa wachache, wengi wao vijana wa nchi za baridi huko Ulaya ya kaskazini, tuliwapitia mmoja mmoja, jioni baada ya jioni. Mpaka kikaja kinanda kinachoshuka tu. Nilimwambia aanzie mwanzo, asiguse.

Nilisikiliza albamu nzima nimekaa kwenye kigoda, na nitasema ilivyokuwa. Haikuniliza. Nilikuwa nasikia dakika za mwanzo ambazo sisi hatukuwahi kuzisikia, zile baba alizozifunika kwa salamu zake. Kila mahali nilijua alipokuwa. Hapa anamwamkia bibi. Hapa ananitania na rede. Hapa anasema sikiliza vizuri. Kisha nikafika pale kitufe kilipogonga, na kitufe hakikugonga, muziki ukapita moja kwa moja kama vile hapakuwahi kuwa na mtu. Uliendelea, ukaisha. Ni wimbo. Una mwanzo na una mwisho. Kuna vijana walikaa chumbani kwao kwenye theluji wakautunga, na sisi tukauzika.

Haunithibitishii kwamba baba hakufa. Ninachojua ni kwamba siku alipoongea alikuwa mzima, kwamba kaseti aliipata mahali, pengine kwa mgeni fulani huko kusini, na kwamba aliacha kuongea katikati ya neno kuhusu shamba. Labda alikatishwa. Labda nafasi aliiona haitoshi, akageuza.

Nilimwomba mwanangu aniwekee upande wa pili. Alinitazama kama nimeomba taa ya kandili.

"Siku hizi hakuna upande wa pili, mama. Inaenda tu."

Ni kweli. Yao inaenda tu, haichoki na haihitaji jua, na jambo ambalo mama yangu aliliulizia miaka yote wao wanalijibu kwa kidole huku wanaosha sahani. Sisi tulikuwa na redio moja, na aliyeibeba ndiye aliyejua.

Baba mdogo bado yuko hai, na bado analima lile shamba. Nilikwenda Mbingu wakati ndege wameanza kushuka. Nilimwamkia, akaitikia. Nilimweleza habari za ule muziki tangu mwanzo, naye alisikiliza bila kunikatisha. Kisha nikamuuliza: siku zile alipokaa na kaseti na redio, na betri mpya zimo ndani, kabla hajaifunga kwenye kitambaa, aliigeuza?

Alitazama mpunga. Halafu akaniuliza kama barabara ya kutoka Ifakara imeshakauka.