Sura Niliyoitafuta Kwenye Kompyuta ya Bukoto

Niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba kule Bukoto kuna kliniki yenye mashine ambayo mwanamke akipimwa mlango wa kizazi, inatoa kwenye kompyuta sura za wanaume wote aliowahi kuwa nao, mmoja mmoja, wamepangwa mstari kama wahitimu siku ya mahafali.

Habari hii ililetwa Nakivubo na jirani yangu wa duka, Mnubi mmoja mcheshi anayeuza masanduku ya safari mkabala na mimi, ambaye pia nauza masanduku ya safari. Wateja ni walewale, tunawavuta mikono, yeye wa kulia na mimi wa kushoto, mpaka wengine wanaondoka wamerefuka. Yeye alisikia kwa shemeji yake, na shemeji alisikia kwa askari wa getini pale pale kliniki. Habari iliyotoka kwa askari wa getini, Kampala hii, nani ataibishia?

Ila sikuiamini kijinga. Niliiamini kisomi, na ndiyo ikanishika zaidi. Nilikuwa nimemaliza shule ya usiku Nateete, mtu mzima na ndevu zangu, nimekunjwa kwenye dawati la mtoto mpaka magoti yanaziba masikio. Mwalimu wa biolojia alitufundisha kwamba kila chembe ya mwili imebeba habari zote za mwenyewe: rangi ya macho, kimo, hata pua ya babu. Wenzangu waliandika wakasahau. Mimi nilitembea na sentensi ile mjini kote kama mtu aliyevaa saa mpya. Kwa hiyo Mnubi alipomaliza kusimulia, nikamwambia, "Inawezekana kabisa, ndugu yangu. Chembe haisahau."

"Mmesikia?" akawageukia wengine. "Msomi amepitisha."

Mtaa mzima wa masanduku, kila mwanamume akaanza kukumbuka yake.

Haukupita muda, wauguzi walikuja kanisani kwetu kuzungumza na akina mama juu ya kansa ya mlango wa kizazi. Mke wangu alirudi nyumbani amekwisha kuamua. Shangazi yake aliyemlea, huko kwetu Kenya, alikufa kwa ugonjwa huo bila hata kujua jina lake, na tangu nimemjua mke wangu, hicho ndicho kitu kimoja anachokiogopa kwelikweli. Nyoka anampiga kwa mwiko. Ugonjwa ule hathubutu kuutaja.

"Nitaenda Bukoto," akasema. "Wanakupangusa kidogo tu, wanapaka kwenye kipande cha kioo, mashine inapiga picha, daktari anaisoma."

"Nenda," nikasema. "Afya ni muhimu."

Nami nikaenda kwa kinyozi. Nilitaka sura yangu itoke vizuri. Kinyozi alininyoa, akanichonga, akanipaka mafuta, nikatoka pale nang'aa kiasi cha kuongoza magari. Nikimkumbuka mwanamume yule aliyejitazama kwenye kioo cha kinyozi huku mkewe amepanda boda kwenda kupimwa, natamani ningemshika bega.

Kisha simu ikaja. Mke wangu alikuwa anachambua maharagwe, mikono ina vumbi, akaniomba nimwekee spika. Mwanamke wa kliniki akasema, "Nnyabo, mama, ile picha yako ina shida. Kuna mahali hatuoni vizuri. Tunaomba urudi."

Yeye alisikia kifo cha shangazi yake. Mimi nilisikia kwamba kuna bwana mmoja kwenye mstari kageuza uso.

"Utanisindikiza?" akaniuliza.

"Kuna mzigo unaingia dukani."

Hakukuwa na mzigo wowote. Alienda peke yake, wakampangusa tena, akarudi kungoja majibu.

Ilikuwa nyumba yenye kelele, nyumba yetu. Mke wangu akipika anaongea na sufuria, na moto, na redio, hata na kitunguu. Wiki zile alinyamaza. Alikuwa anapiga pasi sare za watoto, anazikunja, kisha anazikunjua na kuzipiga tena. Mara nyingine nilimkuta amesimama mlangoni na ufagio mkononi, hafagii. Nami nilimtazama kwa jicho la mpelelezi, nikajiambia: hiyo ndiyo dhamiri inayomsuta. Nilikula bila kusifu chakula. Nilijibu kwa "ndiyo" na "hapana". Hata watoto wakawa wanapita katikati yetu kwa uangalifu, kama watu wanaovuka sakafu iliyopigwa deki.

Dukani Mnubi akaniuliza, "Msomi, mbona umekuwa mchungu kama chai ya msibani?"

"Biashara," nikamwambia.

"Biashara gani? Jana umenipora mteja wangu ukicheka."

Walipopiga simu kwamba majibu yametoka, nilisema safari hii nitakwenda. Uso wake ulifunguka. Alinishukuru, na mimi nikapokea shukrani zile, ilhali nilikuwa nakwenda kumwona yule bwana.

Getini alisimama askari, chanzo cha elimu yote, anapiga miayo. Ndani, mwanamke wa koti jeupe alitupa viti, akatugeuzia kompyuta. Alizoea Kiganda, Kiswahili alikitoa kwa kukikamua, lakini alieleza vizuri. Kioo kile kinatiwa rangi, mashine inakipiga picha kipande kwa kipande mpaka chote kiishe, na picha inatumwa kwa daktari aliye hospitali nyingine. Akaivuta picha karibu. Ilikuwa na rangi ya waridi na ya buluu, na vitone vyeusi vimetawanyika kama mbegu za pasheni.

"Hizi chembe iko sawa," akasema, akionyesha kwa kalamu. "Hizi, ona kitone ya ndani imekuwa kubwa, imekuwa nyeusi. Hii si kansa, nnyabo. Lakini tukiacha, inaweza kufika huko. Tutaondoa mapema."

Mke wangu alishusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu siku ya maharagwe. Akanishika mkono. Mimi nilikuwa nimeinama kwenye skrini natafuta. Juu kushoto niliona kitu kama pua.

"Sasa yeye yuko wapi?" nikauliza.

"Nani, ssebo?"

"Huyo mwanamume."

Mwanamke wa koti jeupe alinitazama, akamtazama mke wangu, akarudi kwangu. "Mwanaume gani? Hapa iko chembe ya mama peke yake."

Mkono wa mke wangu ukaondoka kwenye wangu, taratibu.

Zile chembe waliziondoa baadaye, kazi ya asubuhi moja, akarudi nyumbani kwa miguu yake. Kila wakimwita huenda, nami naenda naye, hata kama mzigo unaingia kweli. Sasa anaongea tena na kitunguu. Lakini siku zile alizosimama mlangoni na ufagio, akiwa na shangazi yake kichwani na mume wa jiwe mezani, hizo hazipo dukani kwangu wala kwa jirani. Ningekuwa nazo ningemrudishia zote.

Siku ile ya majibu hatukupanda boda. Tulitoka getini tukapita maduka ya Bukoto, nami nikaanza kueleza: Mnubi, shemeji, askari, mwalimu wa biolojia, chembe haisahau. Nilidhani atacheka. Mimi mwenyewe nilianza kucheka ili kumfungulia njia.

Hakucheka. Alisimama mbele ya duka la ndoo za plastiki, watu wakitupita huku na huku.

"Ndiyo maana hukunisindikiza?"

"Ndiyo."

"Na mzigo?"

"Haukuwepo."

Alitazama ndoo. Kisha akaniambia kwa sauti ileile anayowaelezea watoto hesabu.

"Mashine haioni mwanamume yeyote, baba watoto. Inapiga picha chembe zilizo kwenye kioo, basi. Mara ya kwanza zilikuwa zimepandana, picha ikatoka na ukungu, wakashindwa kuisoma. Ndiyo maana waliniita nirudi."