Taa za Adeer Bare

Adeer Bare, yaani ami yangu, ndugu mdogo wa baba, hakuzaliwa kushika jembe. Alikuwa mtu wa ngamia kule Griftu. Ukame wa mwaka tisini na mbili ulipomaliza ngamia wake, alikuja Garissa akapanga foleni ya mahindi ya msaada. Siku alipotoka kwenye foleni ile, aliapa kwamba hatakinga mkono tena maishani.

Akapata kishamba kando ya mto Tana. Alipanda mahindi na ndizi, viboko wakaja usiku wakala. Basi ofisi moja mjini ikabadilisha taa zake, ikatupa zile za zamani za dari, zenye mabakuli ya kioo. Adeer akaziokota. Akamtoa mbuzi wake wa mwisho, akapewa sola ndogo na betri ya gari. Ndani ya kila bakuli akafunga balbu ya pikipiki, akazitundika taa kwenye miti kuzunguka shamba.

"Bare amenunua mbuzi asiye na maziwa," jirani yake Hared akacheka.

"Huyu wangu hachungwi," adeer akajibu. "Anakula jua."

Viboko waliuogopa mwanga ule. Msimu huo tulikula mahindi mabichi mpaka mwanangu Ilwad akaharisha, na bado nilifurahi.

Kisha ukame ukarudi. Mji mzima ukatoka uwanjani kuomba mvua. Wanaume waligeuza shuka zao ndani nje, kama ilivyo desturi. Adeer naye aligeuza yake. Mtu wa mifugo hawezi kubaki nyumbani siku hiyo.

"Wewe omba polepole," Hared akamnong'oneza, "usije ukazima taa zako."

Mvua ikaja, ile waliyoiita Elnino. Haikujua kuacha. Jua likapotea. Jioni moja nilimkuta adeer shambani amevua kilemba, anapangusa sola nacho. Taa zilikuwa nyekundu kama kaa linalokufa.

"Si vumbi, adeer," nikamwambia. "Ni mawingu."

"Najua, Anab."

Akaendelea kupangusa.

Asubuhi tulikuta nyayo za viboko, kubwa kama sufuria, zimejaa maji. Mahindi yote yamelala. Wiki haikuisha, mto wenyewe ukapanda kuchukua yaliyobaki, sola na betri pamoja. Aliokoa bakuli moja tu.

Mimi nililia. Yeye hakulia.

"Nimlalamikie nani?" alisema. "Niliomba pamoja nao."

Barabara ikakatika, ndege zikaleta mahindi. Nilikuwa kwenye foleni ya wanawake, Ilwad mgongoni, nilipomwona upande wa wanaume. Ameshika lile bakuli la kioo kwa mikono miwili. Nilitaka kutazama pengine, sikuweza.

Mpimaji wa mahindi alilichukua akaligeuzageuza. "Mzee, hii si taa?"

"Ni bakuli," adeer akasema, akalichukua tena, akalikinga.