Ngumi ya Sikioni, Sirari

Kisyeri hakuwahi kupigana na mtu maishani mwake, na labda ndiyo maana alipenda sana kuandaa ndondi. Alikuwa na baa Sirari, mpakani na Kenya, karibu na maegesho ya malori. Uani alizungushia kamba mbao chakavu, akapaita ulingo. Hapo ndipo Gati, binti wa wakulima wa Nyambureti, alipokuwa akipigana. Ndondi za ridhaa, Kisyeri alisema. Maana yake bondia hapati kitu.

Gati aliwajua watazamaji wake: madereva na mawakala wa forodha, vitambi vimelalia mikanda, wakimpigia kelele amuue mwenzake. Hakuna hata mmoja wao ambaye angemaliza raundi moja. Aliwadharau, lakini alirudi, kwa sababu alipenda kushinda.

Siku aliyopambana na Irine, msichana wa hapohapo Sirari, alimpiga ngumi nzito sikioni. Irine alianguka, damu ikamtoka. Gati akageuka kutafuta daktari. Hakuwepo.

"Daktari wa nini?" Kisyeri aliuliza, chupa mkononi. "Si alipanda kwa miguu yake? Mmwagie maji, wengine waingie."

Gati alivua glovu akamtupia kifuani. Yeye na refa walimbeba Irine hadi kituo cha afya, lakini sikio halikusikia tena.

Ulingoni hakurudi. Alirudia mitihani ya sekondari, akaenda Mwanza kusoma sheria. Kila vitabu vilipomchosha alimkumbuka yule mwanaume na chupa yake, akafungua ukurasa mwingine.

Aliporudi Tarime akiwa wakili, alikwenda Sirari kabla hata hajapata ofisi. Alimkuta Irine kaunta, kwenye baa ileile. Alikuwa ameolewa na Kisyeri.

"Nimekuja tumshtaki," Gati alimwambia. "Muda wa kufungua kesi umepita, lakini tunaweza kuomba nyongeza."

Irine akamgeuzia sikio zima. "Tumshtaki nani?"

"Kisyeri. Kwa sikio lako."

"Kwani alinipiga Kisyeri?" Irine alicheka bila furaha. "Ulinipiga wewe, Gati. Umesoma miaka yote hiyo, hilo hawakukufundisha? Na nani alikutuma unisomee?"

Kisyeri akachungulia kutoka jikoni, amenenepa, meno yote nje. "Oo, wakili wetu! Karibu kiti."

Gati alitoka bila kumwangalia. Wiki hiyohiyo alikwenda kwa afisa michezo wa wilaya kueleza kwamba pale watu wanapigana bila daktari. Ulingo ukafungwa.

Kisyeri akauhamishia Isebania, ng'ambo ya mpaka, na mawakala walewale wakawa wanavuka na vitambi vyao kwenda kupiga kelele. Mlangoni, anayekata tiketi ni Irine. Gati alipoambiwa hivyo alisonya, akavaa joho lake, akaingia mahakamani kumtetea mjane wa Nyansurura aliyenyang'anywa ng'ombe na shemeji zake.