Nafasi ya Shemeji

Dada yangu huwapigisha ngoma wageni wa mikutano hotelini. Semina ikiisha, kila mgeni hupewa ngoma yake huku nyama zikichomwa pembeni, naye dada huwaambia, "Nikishamaliza, pigeni vilevile."

Miaka yote mumewe alisimama nyuma ya wageni. Dada akianza, shemeji alimjibu kwa mapigo matatu, dada akamalizia, kisha wageni wakaiga yote.

Shemeji tumemzika juzijuzi tu. Machozi hayajakauka, meneja huyo kwenye simu: "Pole mama, ila njoo utuchangamshie watu." Ningekuwa mimi, ningemtukana.

Dada akajikaza kisabuni, akaenda. Akaanza vizuri. Alipofika pale pa shemeji, mikono ikabaki juu, kwa mazoea, ikingoja jibu. Kimya. Akashtuka, akamalizia haraka.

Wale wageni, vidole vinang'aa mafuta, mkutanoni walisinzia kutwa. Hapa sasa ndipo walipoamua kuwa wasikivu. Walipiga vilevile. Walipofika pale pa shemeji, ukumbi mzima ulinyamaza, mikono juu, ukamngoja.