Sabuni Niliyoificha Kwenye Injini

Mwenye makosa ni mimi. Si matope, si mvua, wala si barabara ya Kanja. Ni mimi!

Nina skrambla, ile pikipiki ndefu ya barabara mbovu. Ilianza kuvuja oili pale cheni inapotokea kwenye injini. Mke wangu akaniambia, "Baba Wanja, si uipeleke tu kwa fundi?" Mimi huyo, mtu wa ofisi niliyetazama video mbili kwenye simu! Nikamwambia hiyo ni sili tu, kijiraba cha duara, nitabadilisha hapa nyumbani.

Ya zamani niling'oa kwa bisibisi. Mpya niliigonga na nyundo ikaingia upande, ikapasuka. Niliuona ule ufa kwa macho yangu! Lakini mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akitabasamu, na kesho yake tulitakiwa kwenye ruracio, mahari ya dadake, tupeleke nguo alizoshona mwenyewe. Niliona aibu kusema nimeshindwa.

Kwetu tanki la petroli likivuja, watu huziba na sabuni. Basi nikakata kipande cha sabuni ya kufulia, nikakikanda, nikajaza ule ufa. Injini ikiwa baridi haikuvuja hata tone.

"Imepona?" akauliza.

"Iko fiti kabisa, Mama Wanja. Kesho wewe panda tu."

Kesho yake, tukiwa kwenye barabara ya Kanja, injini ilipopata moto, sabuni ikayeyuka. Oili ikamwagikia gurudumu la nyuma. Kwenye mteremko nikashika breki, tukateleza, tukaanguka, na mkono wake wa kulia ukaingia kwenye cheni. Mungu wangu, alivyolia!

Mama Wanja ni fundi wa nguo. Yaani, alikuwa. Vidole vinne vimekwenda. Cherehani yake iko sebuleni, imefunikwa na leso.

Sijamwambia mpaka leo. Wageni wakija, yeye ndiye hunitetea: "Msimlaumu, ni matope." Nami nanyamaza, jamani! Nanyamaza nikinywa chai!

Wewe unayefungua injini nyumbani, ukiharibu, sema. Sema kabla mtu hajapanda nyuma yako! Ukikawia, utakuwa kama mimi. Jana nilimkuta kwenye karai akijaribu kufua kwa mkono mmoja, sabuni inamponyoka kila mara. Akaniita nimshikie. Nikaishika.